Mti Mpya wa Kizamani

Mama yetu, Kija, alifariki Julai. Desemba wifi yangu Modesta akanipigia simu nimsindikize mjini kununua mti wa Krismasi. Nilikubali kwa sababu moja tu. Yeye na kaka yangu Luhaga wanakaa katika nyumba ya mama kule Buhongwa, na humo kulikuwa na nyota ya bati ambayo baba aliikata kutoka kwenye debe la mafuta mwaka niliozaliwa. Nilikuwa nikiiomba tangu siku ya arobaini ya msiba. Kila mara jibu lilikuwa, "Nitaitafuta, wifi."

Dukani kwa Mama Zahabia, karibu na soko, tulimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mnataka mti gani?"

"Ule wa kizamani," Modesta akasema, akamwonyesha picha kwenye simu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwa miaka tisa tangu aolewe kwetu neno hilo lilikuwa tusi mdomoni mwake. Mama akila ugali kwa mkono, kizamani. Krismasi, mama akisimika tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga na kulitandazia pamba kutoka shambani kwa mjomba, Kwimba, Modesta aliwaambia majirani, "Mama mkwe na mambo yake ya kizamani! Utafikiri anafunga kidonda."

Mama Zahabia akashusha boksi. Mti ulikuwa wa plastiki, matawi yameachana mbali mbali kama ufagio uliochakaa, na mapambo yake yalikuwa yamekwanguliwa rangi kiwandani ili yaonekane yametumika.

"Mbona umepauka?" nikauliza.

"Ndiyo fasheni, mwanangu. Wa kijani nakupa kwa bei rahisi. Huu mzee ndio ghali."

"Basi miti ina bahati kuliko watu."

Mama Zahabia akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Modesta hakucheka. Alikuwa anapiga mti picha.

Nyumbani Buhongwa tuliusimika na kuupamba, Luhaga akiusifia kutoka kwenye kochi. Tulipofika kileleni, boksi halikuwa na nyota. Modesta akalipekua mara mbili, kisha akatoka uani. Alirudi na ile nyota ya bati ya mama. Ilikuwa imeziba tundu la banda la kuku. Kinyesi kilikuwa kimekauka juu yake.

"Umeiona kutu hii, wifi? Hii ndiyo kizamani yenyewe! Hebu ifute."

Nikaifuta taratibu, pembe zote tano. Nikaifunga katika kitenge changu, nikaitia mkobani, nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu, Igoma."

"Na nyota?"

"Haya mambo ya kizamani, wifi, yatakuaibisha kwa wageni."

"Luhaga! Unamwona dada yako?"

Luhaga, mtoto wa baba yule yule, akaongeza sauti ya televisheni.

Siku ya Krismasi nilikwenda kula kwao. Nyota nilikuwa nimeiacha dirishani kwangu, na kibonge cha pamba chini yake. Kileleni mwa ule mti palikuwa na utepe wa kufungia zawadi, na Modesta alikuwa anamweleza kila mgeni kwamba nyota yake imeibwa na wifi mtu, huyu hapa aliyekaa.

Nikampa Modesta sahani anipakulie pilau tena. Nikamwambia asisahau nyama.