Moja Iliyogoma Kusomeka

Ijumaa jioni ofisini kwao Suva, Fiji, yaqona, kinywaji chao cha mizizi iliyosagwa, haikorogwi mpaka kikasha cha barua pepe kionyeshe kwamba hakuna barua isiyosomwa. Amri hiyo ilikuwa ya Apisai, mkuu wao, na leo kikasha kiling'ang'ania moja. Litiana alikipekua juu hadi chini, akakuta barua zote zimesomwa. Bakuli la mbao lilikaa kavu mezani, na wenzake walimkodolea macho kwa kiu.

"Moja tu imekushinda, mtani?" Apisai alimchokoza. "Watu wa kwenu mnajua kuhesabu viazi tu."

"Na wa kwenu mnajua kuvila, bosi. Barua haipo. Hesabu ya kompyuta ndiyo mbovu."

"Mimi naiamini kompyuta."

Litiana akafungua mipangilio ya folda, akaiamuru ijikarabati. Programu ikazihesabu barua zote upya, na ile moja ikayeyuka. Ofisi ikalipuka kwa vigelegele. Kwa furaha, Apisai akawaandikia wafanyakazi wa visiwa vyote: "Tumefika sifuri! Vinaka, asante sana, Litiana!"

Wakajibu wote, tena kila mmoja akimjibu kila mtu. "Vinaka!" "Hongera!" Kikasha kikaonyesha barua kumi na saba zisizosomwa, kisha thelathini.

"Hizi sasa ni za kweli, bosi," Litiana alisema kwa upole wa kinafiki. "Tuanze kuzisoma?"

Apisai akaliangalia bakuli, akaiangalia skrini, kisha akaizima.

"Hii kompyuta haijui kuhesabu kabisa, mtani. Lete maji tukoroge."