Dhiraa ya Hukmu

Nyumba ya Devi, mungu wetu wa kike, haijui msumari. Ni mwerezi, mawe, mwerezi tena, mpaka juu, na pembe zake zimeshikana hivi kwamba tetemeko lililoangusha nusu ya nyumba zetu lilimwacha amekaa zake. Paa tu ndilo lililooza. Mume wangu Jhabe alipewa kazi ya kulijenga upya, nami nikaringa mpaka kijiji kizima kikanichoka.

Siku ya kupandisha boriti ya juu kabisa, wanaume ishirini waliivuta kwa kamba, ngoma zikilia. Upande mmoja ukakaa. Wa pili ukaning'inia hewani. Ilipungua shibiri tatu.

"Jhabe, umelewa?" akafoka Hukmu, mtunza hekalu.

"Nimepima dhiraa kumi na nane, kama walivyopima mababu. Tena kwa mkono wako mwenyewe!"

Sote tukautazama mkono wa Hukmu. Kwetu hekalu hupimwa kwa mkono wa mtunzaji wake, na watunzaji wa zamani walikuwa majitu. Huyu wetu, Devi anisamehe, hata kujikuna mgongo huomba msaada.

Ningecheka, ila nilimwona Jhabe amekaa chini, tezo mapajani. Seremala akishindwa na paa la Devi, hukabidhi zana zake na hashiki tena mti. Jhabe hana kazi nyingine, wala moyo wa kuitafuta. Niliogopa.

Devi akatolewa aulizwe, sanamu yake juu ya machela mabegani mwa wanaume wanne. Ikiinama mbele amekubali, ikirudi nyuma amekataa.

"Mama, tukate mti mwingine msituni?" akauliza Hukmu.

Nyuma.

"Basi Jhabe akabidhi zana?"

Nyuma, kwa nguvu, wabebaji wakapepesuka. Kisha machela ikageuka na kuteremka mbio.

"Si sisi! Ni yeye!" wakapiga kelele wabebaji.

Tukaifuata hadi uani kwa Hukmu. Hapo palilala boriti nene ya mwerezi, ya nyumba yake mpya. Machela ikaigonga, ikaigonga tena.

"Mama, hiyo ya kwangu!" akalia Hukmu.

Machela ikainama, ikaiangusha kofia yake.

"Toa tu, shemeji," nikamwambia. "Mkono si ni wako?"

Hukmu akautazama mkono wake, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Haya, chukueni! Lakini safari hii msinipime mimi."

Jhabe alipima kwa kamba, ukuta hadi ukuta. Siku ya tatu boriti ikapanda. Akaigonga kwa nyundo ya mti, mara moja, mara mbili.

"Imekaa!" akaita, sauti ikamkatika kwa kilio.

Na mimi, ambaye mbele ya wakwe sijawahi kuinua hata unyayo, niliingia uwanjani peke yangu nikacheza, ngoma zikanifuata.