Jina Chini ya Jiwe

Tulipomlaza Coatlicue juu ya magunia, watu wanne tukihema, ndipo nilipoona chini ya miguu yake. Alikuwa nakala ya plasta ya mungu wa kike wa Waazteki, mrefu kunizidi, sketi yake nyoka watupu, mkufu wake mioyo na viganja vya watu. Jumba moja la maonyesho Braamfontein lilinikodi mimi, mchonga mawe ya makaburi wa mtaa wa Bertrams, kwa kuwa nilikuwa na minyororo na mgongo. Ilikuwa Julai 2017. Vumbi la plasta lilielea kwenye jua la dirishani, kana kwamba chumba kizima kimesinzia.

Chini ya miguu, mahali pasipofikiwa na jicho, palikuwa na sura nyingine, imechongwa kwa uangalifu ule ule. Nilimuuliza Kathambi, Mkenya aliyesimamia maonyesho, nani angeiona.

"Huyo ni bwana wa ardhi," alisema. "Hakuchongewa watu. Alichongwa atazamane na udongo."

Maneno hayo yalinifuata hadi karakana, kwenye jiwe la dada yangu Arlène. Alifariki Machi akijifungua, yeye na mtoto wa kiume ambaye hakulia. Tuliwazika pamoja. Mama alikataa mtoto kuandikwa kwenye jiwe: katika ukoo wetu asiyelia haitwi jina, maana ukimwita atarudi kutafuta wenzake. Shemeji yangu Hénock hakubishana naye. Wiki moja kabla ya kazi ile ya sanamu alikuja kwangu peke yake, akavua kofia.

"Shemeji, mutoto wangu atalala bila jina?"

Nilimpenda Mama, na nilimwogopa.

Jioni ya siku ile ya sanamu nililipindua jiwe. Kwenye upande utakaolala udongoni nikachonga jina walilomchagulia wazazi wake, CÉDRIC, herufi ndogo, nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga. Nilikuwa kama niko ndotoni. Kila nilipopumzisha nyundo niliona nyoka wale wakipumua.

Jumamosi, makaburini, nilikumbuka nilichosahau. Kwetu mama wa marehemu huliosha jiwe kabla halijawekwa, juu na chini. Jiwe lilikuwa limeegeshwa juu ya mbao mbili. Mama akapiga magoti na ndoo yake, akafuta jina la Arlène, akafuta pembe, kisha akaingiza mkono chini. Mkono ukasimama. Hénock akatazama viatu vyake. Mimi nilijua nimekwisha.

Vidole vya Mama vilitembea kutoka herufi hadi herufi, vikarudi mwanzo. Akakamua kitambaa, akakichovya tena, akaosha kule chini kwa muda mrefu kuliko juu. Kisha akainuka, akatupisha.

"Mushushe polepole," alisema. "Musimuumize."