Anakaribia Matarajio

Zamani mtoto alirudi na namba, ukajua ucheke au unune. Wa tatu, wa thelathini, basi, yamekwisha. Sasa binti yetu, ambaye nyumba nzima tunamwita Chiriku kwa mdomo wake, ameleta ripoti isiyo na namba hata moja. Hisabati: anakaribia matarajio. Sayansi: anakaribia matarajio. Lugha, eti amefikia.

Baba yake aliisoma, akaigeuza nyuma, akanikazia macho utadhani nimeiandika mimi.

"Mama Chiriku, huyu amefaulu au amefeli?"

"Nitajua wapi?"

Na kujua ilikuwa lazima, maana tulimwahidi akifaulu atakwenda likizo kwa shangazi yake, na shangazi alikuwa njiani kuja kumchukua. Mimi ni fundi cherehani. Kwangu mimi, suruali inayokaribia kumtosha mteja haijamtosha, kwa hiyo mtoto amefeli. Baba yake ni dereva wa lori, na kwake anayekaribia mji ameshafika. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha nikajitanda khanga nikaenda shuleni, hasira zimenijaa.

Foleni ya wazazi ilikuwa imefika getini. Mwalimu wa darasa, kijana mpole, jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mzazi, siku hizi hatumpimi mtoto kwa wenzake. Tunampima kwa matarajio."

"Matarajio ya nani, mwalimu? Mbona mimi sijaulizwa?"

"Yametoka juu."

"Juu wapi, mbinguni?" akadakia mama mmoja nyuma yangu, na foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, maskini. Nilimwuliza tena kama mtoto amefaulu. Akaniambia neno hilo halitumiki tena.

Nikarudi nyumbani kichwa kinaniwanga. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, begi limeshafungwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Nikamweleza niliyoyasikia, yakazidi kunichanganya hata mimi.

"Mama," akaniuliza, "wewe ulitarajia nini?"

Nikafungua kinywa. Nilitafuta jibu nikakuta nilitarajia namba tu, namba yoyote ya kuwaambia majirani. Hilo humwambii mtoto. Nikaona aibu, nikaanza kukunja khanga yangu.

Akanisubiri kidogo. Halafu akafungua begi, akaanza kutoa nguo.