Samadi ya Mbuzi Kwenye Tangi la Belinda

Lazaro wa Iguguno alikuwa na doa moja tu katika maisha yake, nalo lilikuwa mbuzi. Miaka miwili iliyopita walimjia wageni, akamchinja mbuzi wa bintiye Belinda bila kumuuliza, na mbuzi yule alikuwa na jina. Siku ile Belinda alikula ugali mkavu, na tangu hapo hakumkabidhi baba yake hata kuku. Kwa hiyo alipokwenda chuoni Dodoma akamwachia tangi la kioo lenye samaki watano na kusema, "Baba, safari hii nakuamini," Lazaro alijua fika kwamba anapimwa.

Wiki ya tatu maji yakawa kijani. Mwani ulipanda kwenye kioo, ukawa unateleza kama mlenda, na samaki wakawa hawaonekani kabisa. Lazaro akafunga safari mpaka Singida mjini kwa Noel, kijana anayeuza samaki wa mapambo.

"Shikamoo mzee. Dawa yake ni mimea hai," Noel alisema. "Mwani unaishi kwa chakula kilichomo kwenye maji. Ukipanda majani, yanakula chakula chote, mwani unakufa njaa."

Kupanda! Mtu aliyelima alizeti miaka thelathini anafundishwa kupanda? Lazaro alibeba mfuko wake wa majani kabla Noel hajamaliza maelezo.

Akapanda kwa mstari, miche sita, nafasi akaipima kwa rula. Mkewe Felista alimtazama kutoka mlangoni.

"Baba Belinda, ng'ombe wa kulima unawaingiza lini humo?"

Lazaro alikwenda zizini akarudi na konzi mbili za samadi ya mbuzi, akaifukia kwenye mchanga wa tangi. Hajawahi kupanda bila samadi, na hakuona sababu ya kuanza leo.

Siku ya nne maji yalikuwa mazito kama uji, na samaki walihema juujuu. Siku hiyohiyo Belinda akapiga simu: anakuja likizo baada ya wiki nne. Samaki wake hawajambo?

"Wanakusalimu," Lazaro alisema.

Akampigia Noel. Akamsimulia yote.

"Samadi? Mzee wangu, umeulisha mwani! Itoe yote, badilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili. Halafu jaza majani, yabanane. Usiache nafasi, na usipalilie."

Hilo la mwisho lilimuuma kuliko yote. Lazaro aliitoa samadi aliyoiona, akabadilisha maji, kisha akapanda mifuko mitatu ya majani ovyoovyo mpaka tangi likawa pori. Jirani yake Simeoni alipoingia kuomba jembe, Lazaro alilifunika tangi kwa kitenge cha Felista, asije akaonekana mkulima mvivu. Mara mbili alijikuta mkono umo majini, unang'oa. Akajizuia.

Maji yakaanza kung'aa. Kioo kikawa safi. Tatizo likawa moja: kwa pori lile, hakuna aliyejua kama samaki wapo.

Belinda alifika na begi mgongoni, wala hakukaa.

"Shikamoo baba. Wako wapi?"

"Wamo," Lazaro alisema.

Belinda akayatenga majani kwa vidole. Mmoja, wawili, watano. Kisha akapiga kelele.

"Wamezaa! Baba, angalia wadogo hawa! Wamejificha kwenye majani wasiliwe na wakubwa!"

Lazaro akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Lakini Belinda alikuwa ameingiza mkono mchangani, akatoa kidonge cheusi, akakinusa. Lazaro akaanza kutazama dari.

"Baba, hii ni nini?"

"Mbolea ya kupandia."

Belinda alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kumbe na mbuzi wangu nimemkuta," alisema akijifuta machozi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili Lazaro naye alimcheka mbuzi yule.

Likizo ilipokwisha Belinda alimwachia tangi tena. Akamwachia na kuku mmoja, akamtajia jina la kuku huyo mara tatu.