Panya Walioandikiwa Maji

Mimi sina huruma na panya. Nilitamka hivyo siku yangu ya kwanza maabara, mikono kiunoni, na dada mfagizi akacheka mpaka akaegemea ufagio. Panya wa nyumbani amenitafunia kola ya shati la shule. Ndugu yake nimwonee huruma ya nini?

Kazi ilikuwa kulipima jani la shangazi, aliyenilea. Amekuwa akiwachemshia watu wenye magoti yaliyovimba tangu mimi sijaota meno. Wapo waliomshukuru, wapo waliomwita tapeli nami nikisikia. Sasa mtafiti, ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa amekubali kulipima. Jani likifaulu kwa panya, litajaribiwa kwa wagonjwa. Likishindwa, basi tena, na shangazi abaki na jina lake la utapeli. Siku hizo hata kula alikuwa hali kwa wasiwasi.

Utaratibu ni huu: panya wote wanachomwa sindano ya kuvimbisha unyayo. Kundi moja linanyweshwa dawa ya jani, jingine maji matupu. Uvimbe ukipungua kwa wa dawa na kubaki kwa wa maji, jani limefanya kazi. Mnyweshaji ni mimi.

Wa dawa wakaanza kukimbizana. Wa maji walijikunyata pembeni, mguu juu, kama waliokatazwa kukanyaga chini. Mmoja, niliyembatiza Mwenyekiti kwa sababu ya kitambi, alinikodolea macho tu. Nikamwambia aache. Hakuacha. Nikamdondoshea dawa kidogo. Sasa wenzake nao wakose kwa kosa gani? Nikawapa wote, na kesho yake nikarudia. Nilijiambia dawa ni ya shangazi, na shangazi hajawahi kumnyima mtu.

Siku ya majibu Daktari alimkalisha shangazi kwenye kiti chake mwenyewe mle maabara, mbele ya vizimba vya panya. Alimweleza kwa upole kwamba makundi yote mawili yamepona sawasawa. Maana yake uvimbe uliisha wenyewe. Jani halikuongeza kitu.

Shangazi hakubisha. Alirekebisha mtandio wake, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa nao. Ni kweli?"

Mimi sikosi neno hata msibani. Nikasema, "Hawa panya wana damu nzuri, shangazi."

Dada mfagizi alikuwa akipiga deki mlangoni. Akamwona mama wa watu alivyonywea, akataka kumpoza.

"Usiumie, mama. Umelea kijana mwenye roho nzuri. Hata hawa wa maji alikuwa akiwanywesha dawa yako. Mimi nikimwona kupitia hapo dirishani, nasema moyoni, kumbe mtundu huyu ana utu."

Daktari akaweka kalamu chini. Shangazi alinitazama bila kupepesa, nami nikawatazama panya.