Mtani Hakasirikiwi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya kiatu.

Baba yangu hatoki nje kamba ya kiatu ikiwa imelegea. Alikuwa askari, na askari, anasema, hufunga viatu kabla hajamaliza kupiga miayo. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu kiatu chake cha kulia kilikuwa na mafundo mawili kama siku zote. Cha kushoto hakikufungwa. Kamba zake alikuwa amezichomeka ndani, pembeni, ili nisizione. Nikaziona. Sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kuona leo na kusema kesho, au kutosema kabisa.

Niliishia darasa la tano. Mama alifariki tukiwa bado kijijini Lusu, Baba akawa mgonjwa, na nyumbani nilikuwa nimebaki mimi. Baadaye tulihamia Tabora mjini, Isevya, tukapanga chumba ili tuwe karibu na hospitali. Nauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga mlangoni. Wateja wamenizoea, wananyoosha kidole, nawapimia, wanaondoka. Siku nyingine inafika jioni sijasema maneno ishirini.

Kwa hiyo mguu wa Baba ulipoanza kuoza, aliyejua kuzungumza alikuwa Baba mwenyewe, na yeye alizungumza kwa kucheka.

Anaitwa Adriano Masele. Alikwenda vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na moja. Ng'ambo ya mto kipande cha bomu kilimwingia mguu wa kushoto, chini ya kifundo. Madaktari wa wakati ule walitoa walichokiona, kingine kikabaki. Miaka yote kilimuuma wakati wa baridi ya mwezi wa saba, akakizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Kisha ukaja ugonjwa wa sukari. Kidonda kidogo kama punje ya karanga kikafunguka palepale penye chuma, na hakikufunga tena.

Siku aliyoumia, aliyemtoa pale alikuwa askari mwenzake, Mzaramo wa Kisarawe. Alimbeba mgongoni tangu saa nne mpaka jua likaegemea, risasi zikilia nyuma yao, na njia nzima alikuwa akimtania. Alisema babu zake Baba walibeba mizigo ya watu kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani, na leo Mnyamwezi ndiye amekuwa mzigo, tena mzigo mzito usio na bei. Baba alicheka huku damu inamtoka. Anasema kucheka kule ndiko kulikomzuia asilale, na angelala angekufa. Jina la mtu yule silijui. Baba humwita Mtani tu.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako kichwani akaenda nayo, akaja msibani kwako akamwigiza marehemu anavyotembea. Huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Lakini mtani huyohuyo ndiye atakayekuzika. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma: mtani hakasirikiwi, kwa sababu mtani hakuachi.

Mwezi ule wa tatu daktari aliandika kwamba Baba apelekwe hospitali kubwa Mwanza, mguu uangaliwe mishipa na kile chuma kitolewe. Kwa kuwa anatibiwa kama askari wa zamani, ilibidi faili lake lipite kwanza kwenye dirisha la wastaafu. Karani alipeleke kwa mganga mkuu, mganga asaini, barua ya rufaa itoke. Bila barua ile hakuna Mwanza. Jina la hospitali yetu ya hapa Tabora siliandiki. Ni ile tuliyoandikishwa.

Dirishani alikuwa Bi Kuluthumu, mama mnene kiasi, mwenye sauti nzuri, anayependa watu. Baba alimsikia anavyotamka maneno akamuuliza kwao wapi. Akasema Kisarawe. Ungemwona Baba. Alisimama wima, akapiga saluti, akasema amekuja kulipwa deni la kubebwa, maana mara ya mwisho Mzaramo alimwangusha vibaya. Bi Kuluthumu akajibu papo hapo kwamba kama angejua mzigo wenyewe ni huu, angemshauri ndugu yake autupe mtoni. Benchi zima likacheka. Tukiwa njiani kurudi, ndani ya bajaji, Baba alinishika mkono akaniita mama, kwa Kinyamwezi, kama anavyoniita siku zote, "Mayu, tumepona. Pale dirishani tuna mtu wetu."

Wiki mbili baadaye tukarudi. Faili halijatoka.

"Mnyamwezi, faili lako limepanda msafara," Bi Kuluthumu alisema. "Ndiyo kwanza limetoka Bagamoyo, linakuja kwa miguu. Babu yako amelibeba kichwani na kila mti anapumzika."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Akamjibu kwamba lingekuwa limebebwa na Mzaramo lisingefika kabisa, maana njiani angesikia ngoma akaingia kucheza. Watu wakacheka. Tukaenda nyumbani.

Mwezi wa nne faili lilikuwa limefika Morogoro. Mwezi wa tano lilikuwa Dodoma, wapagazi wamegoma. Hadithi ikawa tamu, wazee wengine wakawa wanaisubiri, wanauliza leo msafara umefika wapi. Na Baba, aliyekuwa akitoka nyumbani ameuma meno kwa maumivu, aliyekuwa akisimama mara tatu kati ya geti na benchi, akifika mbele ya dirisha lile alikuwa kijana. Nyuma yake nilikuwa nimesimama mimi, nimeshika mfuko wa dawa, nikiuangalia mguu wa suruali yake ulivyolowa.

Nilikuwa na hasira. Watu wanadhani msichana asiyesema hana hasira. Ninayo ya kutosha kuchoma dirisha lile na mbao zake. Nilimkasirikia yule mama kwa kucheza. Nilimkasirikia Baba kwa kufurahia kuchezewa. Mtu aliyetoa mguu wake kwa nchi nzima anaambiwa faili liko njiani, na yeye anaongeza chumvi. Usiku nikimsikia anaguna nilitaka kumwuliza: hivyo ndivyo ulivyocheka leo? Sikuuliza. Nikageukia ukutani.

Mwezi wa sita, Nesi Julieth, anayefunga vidonda, alifungua bendeji akakaa kimya. Kwa kawaida ni mtu wa maneno. Akaniita nje nimsaidie kuchukua bendeji nyingine. Tulipomaliza, mimi na Baba tukaenda dirishani.

Siku ile Bi Kuluthumu alihama kwenye faili akaja kwangu. Akamwuliza Baba huyu binti ni bubu, au Wanyamwezi mmefika mahali mnazaa watoto wasio na sauti ili wabebe mizigo bila kulalamika. Akasema atamchukulia mwanawe, maana mke asiyegombana hapatikani siku hizi. Wazee wakageuka wote kuniangalia. Baba naye akageuka, uso unang'aa, ananingoja nijibu kama binti wa Kinyamwezi anavyomjibu mtani. Benchi lilikuwa limeshaanza kucheka.

Tulirudi nyumbani. Msafara, kwa siku ile, ulikuwa umefika Manyoni.

Siku ya kumi na sita baada ya hapo Baba hakuinuka kitandani. Alikuwa wa moto kama chungu, anaongea Kinyamwezi na watu waliokufa. Jirani yetu Yoramu alinisaidia kumpakia kwenye bajaji. Daktari wa zamu alipoufungua mguu alirudi nyuma hatua moja, akauliza faili la mgonjwa huyu liko wapi, na kwa nini mpaka leo yuko hapa. Akanituma na mhudumu mmoja tukimbie dirishani.

Bi Kuluthumu aliponiona nimekuja peke yangu, hakutania. Mhudumu alimtajia jina. Akanyanyua chupa ya chai iliyokuwa juu ya meza yake, akalichomoa faili lililokuwa chini yake, akatukabidhi.

Muda huo tu. Muda wa kunyanyua chupa ya chai. Juu ya jalada kulikuwa na alama za duara, duara juu ya duara, nyingine zimekauka na nyingine mbichi. Tangu mwezi wa tatu faili halikutoka Bagamoyo wala halikufika Manyoni. Lilikuwa limekaa hapo, mita mbili kutoka mahali Baba alipokuwa akipiga saluti, linazuia chai isichome meza.

Saini ilipatikana kabla ya saa sita mchana. Usiku ule tulikuwa Mwanza. Asubuhi wakakata mguu juu ya goti.

Tulirudi Isevya mwezi wa nane. Baba alikuwa amekonda, anakaa kitandani anaangalia pale ambapo shuka linalala chini. Viatu vyake niliviweka chini ya dirisha, vyote viwili. Sikujua cha kufanya na kile cha kushoto. Siku moja nilimkuta amekishika anakipaka rangi, nikatoka nje nikajifanya nachambua karanga.

Jumapili moja, tumetoka kula, Bi Kuluthumu akabisha hodi. Alikuja na kuku jike aliyefungwa miguu na mfuko wa machungwa. Nilimwamkia, shikamoo, kwa sababu nimelelewa. Nikamwekea kiti. Akamwangalia Baba kwa muda, midomo inamcheza, nikadhani atalia, na labda alitaka. Badala yake akafanya anachokijua.

Alisema, haya Mnyamwezi, sasa mzigo umepungua uzito, angalau ukibebwa mara ya pili hakuna atakayelalamika. Baba akacheka. Nililisikia lile cheko likipanda polepole kutoka kifuani, kavu, kama gari linalosukumwa. Akajibu kitu kuhusu Mzaramo kuja na kuku wa wizi. Bi Kuluthumu akachangamka. Akainuka, akaenda chini ya dirisha, akaokota kiatu cha kushoto, akakitia kwapani.

"Hiki sasa urithi wangu," alisema. "Wewe mtu wa kiatu kimoja huna kazi nacho."

Ndiyo desturi. Mtani huchukua. Baba aliinua mkono kama mtu anayesema haya, chukua, na uso wake ukabaki vilevile, lakini mkono haukushuka. Ulibaki hewani. Nikaona kamba za kile kiatu zinaning'inia kwapani mwa yule mama. Alikuwa amezifunga Baba mwenyewe, mafundo mawili.

"Kiweke chini," nikasema.

Sikuitambua sauti. Bi Kuluthumu alicheka kidogo, akasema kumbe bubu anasema. Baba naye akaninong'oneza kwa upole, kama anamtuliza mtoto, "Mayu. Mtani hakasirikiwi."

"Aliyekubeba mgongoni alikuwa mtani," nikamwambia Baba. "Huyu alikuwekea chupa ya chai juu. Miezi mitatu faili lako lilikuwa chini ya chupa yake. Nililiona kwa macho yangu. Hakuna msafara, Baba. Hakukuwa na msafara."

Hakujua. Nilikuwa sijamwambia. Alimwangalia Bi Kuluthumu akingoja amjibu, amtupie neno, amalize utani kama unavyomalizwa. Yule mama alikirudisha kiatu chini ya dirisha, akakiweka sawa na mwenzake.

"Alikuwa anacheka," akasema. Hakuniambia mimi wala Baba. Aliviambia vile viatu. "Kila akija anacheka. Wenye haraka wanalia pale dirishani, wanagonga, wanaleta wakubwa wao. Nawapeleka wao kwanza. Huyu nikajua ni mtu wangu, atangoja. Mgonjwa wa kweli anachekaje?"

Akaaga, akaondoka. Kuku alibaki sakafuni anapiga mabawa.

Nilidhani Baba ataniambia nimefanya vizuri. Akasema nimemwaibisha. Alisema mgeni hafukuzwi nyumbani kwake, na kwamba mtu akikosea huku anakupenda si sawa na mtu anayekuchukia. Alisema hata kama faili lilikuwa pale mezani, yule mama hakuwa daktari, hakuuona mguu.

"Hakuna aliyejua mguu umefika hali ile," akasema. "Mimi mwenye mguu sikujua. Hata wewe uliyekuwa unafua kila bendeji hukujua. Kwa nini lawama zote abebe yeye?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hasira yangu yote ilikuwa bado imejaa mdomoni, na haikuwa na pa kwenda tena isipokuwa kwangu.

"Nilijua, Baba," nikasema. "Siku ile Nesi Julieth aliponiita nje. Aliniambia vidole viwili vimekufa, mguu hauna wiki mbili, nikaseme dirishani kwa sauti, leo leo, mbele ya watu. Nikafika dirishani nikiwa na maneno yote mdomoni. Wakacheka. Ukageuka kuniangalia. Na mimi nikacheka nao."